Barua kwa mwanangu: lile bakuli la makombe

Mwanangu Rukia,

Ile sauti uliyonitumia juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Unasema chuoni wanataka ukurasa mmoja kabla ya maonyesho, ueleze utokako na kinachokupa fikra, nawe umekwama kwa sababu kwetu hakuna mfinyanzi. Umewataja wakubwa. Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi 1950 akenda Uingereza 1971, ambaye vyungu vyake vinang'aa kwa kusuguliwa tu. Na Ladi Kwali wa Nigeria, aliyechora mijusi na nge kwenye mitungi hadi naye akatiwa kwenye noti ya naira 20. Waache hapo, wanastahili. Lakini hao ni walimu wako, mama. Kwenu ni Tudor, hapa Mombasa.

Ulikuwa na miaka tisa. Maji yakitoka tu, hukamatiki, ushateremka mikokoni. Siku moja nikakufuata na hasira zangu, nikakukuta umechutama mchangani, kimya. Ulikuwa ukiwatazama wale kaa wadogo wakila. Kaa anaokota mchanga, anautia kinywani, anachuja chakula chake, kisha anatoa kidonge cha duara na kukiweka kando. Vidonge vimejipanga kutoka tundu lake kama miale ya jua. Ukaniambia, "Mama, anafinyanga." Hasira zikanitoka pale pale. Leo naona picha za mabakuli yako, ukingoni umepanga vidonge vidogo vidogo, nawe waniuliza vimetoka wapi!

Halafu lile bakuli. Ulitwanga makombe ya baharini kwenye kinu changu (nilikununia siku mbili), ukayachanganya na udongo, ukachoma uani kwa makumbi na kuni. Likatoka zima, jekundu, ukalala nalo. Baada ya siku chache likaanza kubanduka lenyewe, kibanzi kimoja kimoja, na kila kibanzi kimeacha shimo lenye doa jeupe. Ulilia. Babu yako, aliyechoma chokaa ujana wake, ndiye aliyekueleza: kombe likichomwa ni chokaa kama tumbawe, na chokaa hunywa unyevu wa hewa, ikavimba. Ikivimba ndani ya chombo, chombo hakina budi kupasuka. Mimi nilitaka kulitupa. Nashukuru ulilificha uvunguni.

Baadaye ndipo ulipoanza kuligandamiza kombe kwa nje, udongo ukiwa mbichi, ukingo wake ukaacha meno meno. Nilidhani umebuni wewe. Kumbe wafinyanzi wa kale wa pwani hii walifanya hivyo hivyo karne nyingi nyuma, na vigae vyao vingali vinafukuliwa kwenye magofu ya miji yetu. Hakuna aliyekufundisha. Mkono wako na wao umeokota kombe kwenye pwani moja. Hilo liandike, na uliandike mwanzo kabisa.

Na lugha yetu yenyewe inakusaidia. Kauri ni yule mdudu wa baharini mwenye gamba la kung'aa, na kauri ndivyo vyombo vyenyewe. Waitaliano nao porcellana lilikuwa jina la gamba hilo kabla halijawa la sahani za Kichina. Watu waliona mng'ao wa pwani kwenye sahani, wakaiita hivyo.

Nimekufungia mzigo kwenye leso ya zamani: makombe manne niliyookota jana asubuhi, na lile bakuli. Nililiweka kabatini miaka yote hii, karibu na chetezo cha bibi yako. Limebanduka zaidi ubavu mmoja. Usilizibe. Ukiweza, liweke mezani pamoja na kazi zako mpya.

Basi linaondoka leo usiku, alfajiri liko Nairobi. Nenda na kitambulisho, na bakuli ulibebe kwa mikono miwili.

Mamako