Mnunuzi mpya amepatikana, je, kalibu zikoje?

Ndugu Mhariri,

Kiwanda cha boti za kifahari kikifilisika kisha kikapata mwenyewe mpya, habari yake huandikwa kwa mtindo uleule: mnunuzi na mfilisi wanapeana mikono, ajira zinatajwa kuwa zimeokolewa, na boti mpya inaahidiwa kwa maonyesho yajayo. Sisi tulio kwenye kazi ya faiba na injini tunaomba waandishi wenu waongeze maswali mawili. Kalibu, yaani maumbo ya kufinyangia bodi na sitaha za boti, ziko katika hali gani? Na boti zilizoachwa nusu zitamaliziwa vipi?

Fairline ya Uingereza, iliyoanzishwa 1963 mjini Oundle, ilianguka mwishoni mwa 2015. Januari 2016 wawekezaji walinunua mali zake, na kazi ikaendelea chini ya Fairline Yachts. Iliyoanguka iliitwa Fairline Boats. Kwa mpita njia ni boti zilezile, lakini kwa sheria hizo ni kampuni mbili. Sealine ya Kidderminster, Uingereza, nayo ilianguka 2013, HanseYachts ya Ujerumani ikachukua chapa na kalibu, na uzalishaji ukahamia Greifswald, Ujerumani. Katika biashara hizi, kitu cha thamani kinachobebeka ni jina na kalibu. Ujuzi wa mikono haubebeki kirahisi, maana fundi aliyeachishwa kazi hasubiri mnada uishe.

Tuanze na kalibu. Kiwanda kikisimama, mara nyingi kalibu husogezwa uani ili kupisha nafasi, na fremu yake ya chuma hukaa kwenye ardhi isiyo sawa. Baada ya miezi kadhaa kalibu hupinda kidogo, kiasi ambacho macho hayaoni. Anayetaka kuianza tena aiweke kwenye sakafu ngumu, aisawazishe kwa leza, apime mishazari miwili ya fremu na kuilinganisha na vipimo vya awali. Akiruka hatua hiyo, bodi la boti litatoka limepinda na sitaha haitakaa juu yake. Hapo ndipo mafundi huziba pengo kwa gundi nene badala ya kurudi kwenye chanzo, na maji huanza kupenya kwenye kiungo hicho boti ikishakula mawimbi.

Uso wa kalibu una kazi yake. Osha nta ya zamani, kagua nyufa kwenye kona, zichimbe na kuzijaza kwa jelikoti (tabaka gumu la juu linalong'aa) ya kalibu, si ile ya boti. Kisha piga msasa wa maji namba 400, 600, 800, 1000 na 1200, ng'arisha, paka nta tabaka kadhaa ukiacha kila moja ikauke. Kwa boti ya kwanza ongeza utando wa PVA, kimiminika kinachokauka kuwa ngozi nyembamba ya kuachanisha boti na kalibu, kwa sababu kalibu iliyotengenezwa upya ikigoma kuachia, unapoteza boti na kalibu pamoja.

Resini (kimiminika kinacholowesha faiba kisha kuganda) na jelikoti zilizobaki stoo zitupwe, hata kama mhasibu mpya atalia. Resini ya poliesta hukaa miezi michache tu, na ikizeeka hukauka bila mpangilio. Jelikoti mpya ipuliziwe kwa unene wa milimita 0.6 hadi 0.8 ikiwa mbichi. Ikiwa nyembamba mno, stairini, kiyeyushi kilichomo kwenye resini inayofuata, huikunja kama ngozi ya mamba. Ikiwa nene mno, hupasuka. Kichocheo, kinachofanya resini igande, kiwe kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito, yaani gramu 100 hadi 200 kwa kila kilo 10 za resini, na karakana iwe na joto la nyuzi 18 hadi 25. Mwenye kiwanda mpya akitaka kubana matumizi huanza na bili ya kupasha joto ukumbi. Ni uchumi wa ajabu: resini kwenye baridi hubaki laini kwa ndani, na fundi anayezidisha kichocheo kufidia baridi anajitengenezea tatizo jingine.

Hata hivyo, boti ambayo sisi tungeiogopa zaidi ni ile ya kwanza kutoka langoni, kwa kuwa karibu kila mara ni ile iliyokutwa nusu. Mnunuzi huimalizia haraka kwa sababu ndiyo inayoleta fedha mapema. Lakini faiba iliyolazwa na kuachwa kwa siku chache tu huwa imekauka kiasi kwamba tabaka jipya halishikani nayo kikemia. Ikiwa imekaa miezi, lazima isafishwe kwanza, isagwe kwa msasa wa 40 hadi 80 mpaka mng'ao wote utoke, ifutwe vumbi, ndipo iunganishwe kwa resini zinazoshika zaidi, vinaili esta au epoksi. Anayelaza faiba juu ya uso unaong'aa anajenga vipande viwili vinavyogusana tu. Kasoro haitaonekana siku ya kushusha majini. Itaonekana mbavu na viimarisho vya sakafu vitakapoanza kubanduka kwa kishindo cha mawimbi.

Pia mashimo ya madirisha na milango ya sitaha huwa yameshatobolewa lakini hayajazibwa. Kiini cha mbao nyepesi ya balsa, kilicho katikati ya tabaka mbili za faiba, kikibaki wazi hunywa unyevu kisha huoza. Kipimwe kwa kipima unyevu kila shimo, palipolowa pakatwe hadi kwenye mbao kavu, na kingo zijazwe epoksi. Injini iliyofungwa ikakaa isiwashwe hivihivi: izungushwe kwanza kwa mkono, mafuta na kipozeo vibadilishwe, impela ya pampu ya maji ya bahari itolewe kwa kuwa mapezi yake ya mpira hubaki yamejikunja, na betri za asidi zilizokaa bila chaji zisihesabiwe kuwa mali.

Kuna suala la tarehe pia, ambalo hatujui kwa nini magazeti hulipita. Msamaha wa kanuni za kimataifa za moshi wa injini za meli, ngazi ya tatu (Tier III), kwa yoti za mita 24 na zaidi zenye ujazo chini ya tani 500 ulikwisha 1 Januari 2021. Yoti iliyowekwa mkuku (yaani iliyoanza kujengwa) kuanzia siku hiyo, yenye injini ya zaidi ya kilowati 130, haiwezi kutumia injini za ngazi ya chini ndani ya maeneo yenye udhibiti, kama pwani za Amerika Kaskazini. Kwa kawaida inahitaji mtambo wa kusafisha moshi kwa urea, pamoja na tangi lake na nafasi ya kuufikia. Chumba cha injini kilichochorwa kabla ya hapo mara nyingi hakina nafasi hiyo. Kwa hiyo "kurudisha modeli inayopendwa" kunaweza kumaanisha kuchora upya nusu ya nyuma ya boti, kupima uzito na kurudia jaribio la uthabiti.

Wauzaji wa injini na vifaa ni hadithi fupi: walishalizwa mara moja, sasa wanataka fedha mbele. Mnunuzi aliyetenga mtaji wa kununua kiwanda tu, bila akiba ya kulipia vifaa kabla ya boti kuuzwa, atasimama tena.

Kwa mteja, ajue kwamba anayenunua mali kutoka kwa mfilisi kwa kawaida hanunui madeni. Waranti ya boti za zamani haihami yenyewe, na arubuni iliyolipwa kwa kampuni ya awali humfanya mteja kuwa mdai asiye na dhamana, isipokuwa mkataba wake ulisema umiliki wa bodi na vifaa vilivyolipiwa unahamia kwake kila awamu. Kwenye mkataba mpya kifungu hicho kiwemo, na injini itambulishwe kwa namba yake, si kwa jina la modeli.

Akifika kwenye boti yenyewe, aangalie nyuma upande wa kulia kuna namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 14. Mbili za mwanzo ni nchi, tatu zinazofuata ni mtengenezaji, kisha tano za namba ya boti, moja ya mwezi na moja ya mwaka wa kutengenezwa, na mbili za mwaka wa modeli. Msimbo wa mtengenezaji ukiwa wa kampuni iliyokufa huku mwaka wa modeli ni mpya, aombe tamko la ulinganifu la CE, yaani hati ya kuthibitisha kwamba boti inatimiza kanuni za Ulaya, na asome limesainiwa na nani.

Wenu,
Mafundi wa boti za faiba na injini za bahari