Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Spika: chama kimoja huzaliwa bungeni

Mheshimiwa Spika,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia wewe, wala si Rais wala mkuu wa majeshi, na nitakueleza kwa nini. Wengi wetu tukisikia udikteta tunawaza vifaru barabarani na tangazo la redio alfajiri. Yametokea hayo, tena mara nyingi. Lakini baadhi ya tawala zilizowabana watu kuliko zote zilipita bungeni kwanza. Zilipigiwa kura, na aliyetangaza matokeo alikuwa amekalia kiti kama chako.

Tazama Ujerumani. Februari 27, 1933 jengo la Bunge mjini Berlin liliteketea kwa moto. Kesho yake ikatoka amri iliyosimamisha uhuru wa kusema, wa kukutana na wa magazeti, na polisi wakaruhusiwa kuweka watu kizuizini bila kuwafikisha mahakamani. Uchaguzi wa Machi 5 ukafanyika katika hofu hiyo, na bado chama cha Hitler hakikufikisha nusu ya kura. Alichokitaka Hitler ni sheria ya kuiwezesha serikali yake kutunga sheria bila Bunge, hata zile zinazokwenda kinyume na katiba. Kwa hilo alihitaji theluthi mbili. Hakuwa nazo, zikatengenezwa.

Hapo nakuomba utulie, Mheshimiwa, maana fundi wa kazi hiyo alikuwa Spika mwenzako. Aliyeongoza kikao ni Hermann Göring. Wabunge 81 wa Chama cha Kikomunisti walikuwa wamekamatwa, wamejificha au wamekimbia nchi, naye akawaondoa kwenye hesabu ya akidi kana kwamba hakuna aliyewachagua. Kanuni nazo zikageuzwa: mbunge asiyehudhuria bila udhuru ahesabiwe kuwa yupo. Kwa hiyo hata kususia kikao kukawa hakufai kitu. Machi 23 wakakutana katika jumba la opera la Kroll, huku wanamgambo wa SA, jeshi la mitaani la chama cha Hitler, wamejipanga ndani na nje. Julius Leber, mbunge wa chama cha Social Democrats, alikamatwa akiwa njiani kuingia. Otto Wels, kiongozi wa chama hicho, alisimama akapinga mbele ya Hitler mwenyewe, na wenzake wote waliofanikiwa kufika wakakataa pamoja naye. Hapana 94, ndiyo 444.

Hizo 444 hazikuwa za Wanazi peke yao. Chama cha Kikatoliki cha Centre kilikubali baada ya kuahidiwa barua ya kukihakikishia kwamba madaraka hayo yangekuwa na mipaka. Barua haikuja. Mwanzoni mwa Julai chama hicho kikajivunja, na Julai 14 sheria ikatamka kwamba Ujerumani ina chama kimoja tu. Toka moto wa Februari hadi hapo haikufika hata miezi mitano. Na ile sheria ya Machi ilikuwa imewekewa ukomo wa miaka minne! Ikaongezewa muda mwaka 1937, 1939 na tena 1943.

Huwa nawafikiria sana wabunge wale wa Centre kuliko hata Wanazi. Hawakuwa na kiu ya damu. Walijua wanachopewa ni ahadi ya mdomo tu, wakajipa moyo kwamba kukubali kungeokoa kitu, shule zao labda, kanisa lao, watumishi wa serikali waliokuwa watu wao. Ndivyo mamlaka ya aina hii yanavyokua. Yanahitaji watu wenye imani kali wachache tu, na watu waungwana wengi walio tayari kuvumilia kwa leo.

Italia ya Mussolini na Wafashisti wake walikwenda kwa mwendo wa polepole zaidi. Mwaka 1923 Bunge lilipitisha sheria kwamba orodha itakayoongoza, ikipata angalau robo ya kura, ichukue theluthi mbili ya viti. Mwaka uliofuata mbunge wa upinzani, Giacomo Matteotti, alisimama bungeni Mei 30 akaeleza vitisho na wizi wa kura, na Juni 10 akatekwa na kuuawa. Wapinzani wakatoka nje ya Bunge kwa uchungu, wakiamini mfalme angechukua hatua. Hakuchukua. Novemba 1926 walivuliwa ubunge.

Na Urusi, Januari 1918, Bunge la Katiba lilidumu kwa kikao kimoja. Wabolsheviki, chama cha Lenin kilichokuwa kimeshatwaa serikali, walikuwa wamepata takriban robo tu ya kura za nchi. Alfajiri baharia wa ulinzi, Anatoly Zheleznyakov, alimwendea mwenyekiti Viktor Chernov akamwambia wafunge kikao kwa kuwa walinzi wamechoka. Wajumbe waliporudi baadaye walikuta milango imefungwa. Chama hicho cha Lenin kikapiga marufuku makundi ndani yake mwaka 1921, na mwaka 1922 Stalin akawa katibu mkuu, kazi iliyoonekana ya makaratasi tu. Kumbe makaratasi hayo ndiyo yaliyoamua nani apewe cheo gani, na wapi.

Utaniambia chama kimoja si lazima kiwe udikteta wa namna hiyo, na kwamba Afrika viongozi walikuwa na hoja: nchi changa, makabila mengi, umaskini, hofu ya kugawanyika. Nakubali hoja hiyo ilitolewa kwa nia njema na baadhi yao, nami siwaweki wote kapu moja. Lakini tazama mfumo ulivyowatendea watu wa kawaida. Malawi ya Banda ilifika mahali mtu anadaiwa kadi ya chama ili aingie sokoni au apande basi. Zaire ya Mobutu ilimhesabu kila raia mwanachama toka kuzaliwa. Kenya ilipoweka kifungu cha 2A kwenye katiba Juni 1982, kilichoruhusu chama kimoja tu, bado wananchi walipiga kura ya siri. Kufika 1988 kukawa na mlolongo, watu wanajipanga foleni nyuma ya mtu wao mchana kweupe, na anayepita asilimia 70 kwenye uteuzi hana haja ya kurudi kupigiwa kura. Mtu akishajua kwamba kazi, leseni na nafasi ya mtoto shuleni vinapitia ofisi ya chama, huhitaji kumfunga. Atajifunga mwenyewe mdomo.

Kurudi nyuma kunawezekana. Mwaka 1991 Tume ya Nyalali nchini Tanzania iliwasikiliza wananchi, takriban asilimia 80 wakataka chama kimoja kiendelee, nayo ikapendekeza vyama vingi hata hivyo kwa ajili ya wale wachache. Mwaka 1992 sheria ikabadilika. Nautaja uamuzi huo kwa heshima kubwa, maana ni nadra.

Sasa ombi langu. Muswada wa kumwongezea mkuu wa nchi muda au mamlaka ukija na hati ya dharura, uukatalie kusomwa mara tatu kwa siku moja. Mbunge akiwa kizuizini, jina lake lisomwe kila kikao kinapoanza, na kiti chake kihesabiwe. Kura za katiba zipigwe kwa majina na ziandikwe. Mwenye bunduki asikanyage ukumbini.

Wapo waliokuwa na ujasiri huo. Januari 1642 Mfalme Charles I aliingia Bunge la Uingereza na askari akitaka kuwakamata wabunge watano, na Spika William Lenthall akapiga magoti, akamwambia kwamba hana macho wala ulimi ila kwa agizo la Bunge. Na Desemba 3, 2024, Rais wa Korea Kusini alipotangaza utawala wa kijeshi usiku, Spika Woo Won-shik, mwenye umri wa miaka 67, alipanda uzio kuingia bungeni. Wabunge walimhimiza aharakishe, askari wakiwa wameshavunja madirisha, yeye akashikilia utaratibu ufuatwe hatua kwa hatua ili kura isije ikapingwa. Wabunge 190 waliokuwemo wote wakapiga kura ya kuitaka amri hiyo iondolewe.

Naomba unijibu hadharani, Mheshimiwa, kabla muswada wa namna hiyo haujakufikia mezani: utaupokea vipi?

Wako mtiifu,
Mpiga kura