Mahindi ya kienyeji huyatambua mayai ya bungua

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi niijibu makala mliyochapisha wiki iliyopita kuhusu bungua, yule funza anayetoboa mabua ya mahindi. Mwandishi alieleza vyema jinsi funza anavyokula moyo wa mche mpaka ukakauka, lakini alipofika kwenye mayai aliyapita kwa sentensi moja, kwamba hayana madhara na mkulima asubiri hadi aone matundu kwenye majani. Nimelima mahindi hapa Yala, Kaunti ya Siaya, kwa zaidi ya miaka thelathini, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nikifundisha kilimo shuleni. Kwa maoni yangu hapo ndipo alipoteleza, maana mmea wenyewe hausubiri matundu.

Mzazi wa bungua ni nondo, yaani kipepeo wa usiku, aitwaye Chilo partellus, ambaye asili yake ni Asia; yeye hutaga usiku juu ya jani, na mayai yake hulaliana kama magamba ya samaki, yakiwa na rangi ya maziwa mazito. Ukijaribu kuyabandua kwa ukucha utaona hayatoki kwa urahisi, kwa kuwa yameshikwa na ute ambao nondo huutoa anapotaga, ukakauka ukawa gundi. Sisi tunaona gundi, ilhali baadhi ya mimea husoma katika majimaji ya namna hiyo kwamba adui amekwisha kufika.

Jambo hili halikugunduliwa mbali nasi. Ukivuka kwa feri kutoka Luanda Kotieno unafika Mbita, ambako ICIPE, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa wadudu, ina kituo chake. Mwaka wa 2011 watafiti wake, pamoja na wenzao, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba mahindi fulani ya kienyeji yenye asili ya Amerika ya Kusini na ya Kati, yakishatagiwa na nondo huyo, hutoa harufu inayowaita nyigu wadogo wa aina mbili kabla yai hata moja halijaanguliwa. Wa kwanza, Trichogramma bournieri, ni mdogo kuliko kichwa cha pini, naye hutaga ndani ya mayai ya nondo. Wa pili, Cotesia sesamiae, hutaga ndani ya funza, kwa hiyo huitwa mapema ili funza atakapotoka amkute mgeni wake mlangoni. Nyigu walitiwa katika chombo cha kioo chenye mikono minne, hewa iliyopita kwenye mmea ikapulizwa kupitia mkono mmoja, kisha ikaangaliwa ni wapi walikokaa zaidi. Mahindi chotara yaliyojaribiwa hayakuwavuta hivyo. Baadaye uwezo huo ulionekana pia katika mbegu za wakulima wa huku kwetu, nyamula na jowi, ambazo mama zetu walizitundika juu ya meko zikafuka moshi.

Msomaji atauliza ni nini hasa ndani ya ute kinachotambuliwa. Jibu lililo wazi zaidi limetoka kwa mti ambao hatuupandi kwa ajili ya ugali. Huko Berlin, Ujerumani, Monika Hilker na wenzake walichunguza mdudu Diprion pini, ambaye hupasua jani la msonobari na kutaga humo. Walipoupaka ute wake kwenye majani yaliyokwaruzwa, msonobari uliwaita nyigu ingawa hapakuwa na yai. Walipoutia kwanza kimeng'enya kinachomeng'enya protini, ute ule ukapoteza nguvu zake zote. Mwaka wa 2022 walieleza kwamba protini inayohusika ni ya jamii ya protini ziitwazo aneksini. Si kila mdudu hutambuliwa kwa protini: kwa fukusi wa njegere kinachotambuliwa ni kitu cha jamii ya mafuta, na ganda la njegere huota uvimbe chini ya yai, ukamwinua funza asiingie kwa urahisi.

Nakiri kwamba nami niliwahi kuwaua askari wangu mwenyewe. Msimu mmoja nilikuta mayai meusi kwenye mistari ya nyamula, nikadhani ni ugonjwa, na muuzaji wa duka la pembejeo akanipa dawa bila kuuliza swali. Nilinyunyiza shamba zima asubuhi ile ile. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba yai la bungua lililo zima, likikaribia kuanguliwa, huonyesha doa moja jeusi ambalo ni kichwa cha funza, ilhali yai lililokwisha kutagiwa na Trichogramma huwa jeusi lote. Tofauti hiyo huonekana kwa kioo cha kukuzia cha bei nafuu, na ingefaa maafisa wa kilimo wa wadi wawafundishe wakulima kabla ya kuwafundisha kupima dawa kwa vifuniko vya chupa.

Sisemi tutupe mbegu za dukani, kwani nusu ya shamba langu ni chotara na ndiyo inayojaza gunia. Ninachoomba ni kwamba wazalishaji wa mbegu, wanapochagua wazazi wa aina mpya, wawe pia wanaziweka mbele ya nondo anayetaga, waone kama zinaita nyigu, na kwamba KEPHIS, inayosimamia majaribio ya kitaifa ya mbegu, itafakari kukihesabu kigezo hicho kando ya mavuno na ustahimilivu wa magonjwa. Nyamula inazidi kupungua katika vijiji vya huku. Jirani yangu alibakiwa na masuke sita tu ya mbegu msimu uliopita, na mawili kati ya hayo yalikuwa yameliwa na fukusi.

Mkulima na mwalimu mstaafu,
Yala, Siaya