Akishakuwa wa kwenu, nani atamuuliza? Barua ya wazi kwa wanafunzi wa vyuo vya Morogoro

Wajukuu zangu wa SUA, Mzumbe, Jordan na Chuo Kikuu cha Waislamu,

Asalaam aleykum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Niliowaruka mnisamehe. Hata wagombea wetu, ambao orodha hii ya salamu wameikariri kuliko ilani za vyama vyao, kila wakipanda jukwaani kuna mtu wanamsahau.

Nawaandikia kwa sababu ya ujumbe unaozunguka kwenye magrupu yenu ya WhatsApp. Mjukuu wangu wa damu alinionyesha kwa furaha: 2030 ni zamu ya watu wetu, tujipange mapema. Haikupita wiki akaja rafiki yake wa dini nyingine na ujumbe uleule, limebadilishwa jina la dini tu. Nilicheka mbele yao. Usiku sikucheka.

Sitawatishia kwa sheria. Mnajua Ibara ya 3 ya Katiba inasema nchi hii haina dini. Mnajua sifa za mgombea urais zimo Ibara ya 39, uraia wa kuzaliwa na umri wa miaka 40 vimetajwa, msikiti na kanisa havimo. Mnajua Sheria ya Vyama vya Siasa ya 1992 inakataza kusajili chama cha dini. Yote hayo mmeyafanyia mtihani wa Uraia na mkafaulu. Lakini mtu akishaingia kwenye kituturi yuko peke yake na kalamu yake, na hapo ndipo ninapotaka maneno yangu yafike.

Tuanze na hiyo zamu. Nyerere Mkatoliki, Mwinyi Mwislamu, Mkapa Mkatoliki, Kikwete Mwislamu, Magufuli Mkatoliki, Samia Mwislamu. Ukiwapanga hivyo unaona wanapishana vizuri, na mtu anaweza kuapa kwamba kuna daftari mahali fulani. Daftari halipo. Ni mazoea yaliyokua ndani ya chama kimoja, na siyabezi, maana yametuliza mioyo ya wengi wasijione wageni katika nchi yao. Ila hebu angalieni ilivyokuja zamu ya mwisho. Magufuli alifariki Machi 17, 2021, muhula wake wa pili ukiwa bado mbichi. Samia akaapishwa Machi 19 kwa sababu Ibara ya 37 inasema Rais akifariki, Makamu wake anashika nafasi hiyo kwa muda uliobaki. Hakuna aliyehesabu dini siku ile.

Na hao Wakristo watatu wote ni Wakatoliki. Mlutheri hajawahi kuingia Ikulu kama rais, wala Mwanglikana, wala Mmoraviani, wala Msabato, wala hawa ndugu zetu wa makanisa ya kiroho ambao siku hizi spika zao zinasikika Kihonda nzima. Kama ni zamu kweli, wao wakae foleni ipi? Na upande wa pili, Shia na Ibadhi waandikwe wapi? Ukianza kugawa hivi hufiki mwisho. Tena hata nani ni wengi hatujui, kwani sensa ya mwisho kumuuliza Mtanzania dini yake ilikuwa ya 1967. Mtu akiwaambia "sisi ndio wengi", anakisia, awe sheikh au askofu.

Sasa njooni kwenye jambo ambalo kwenye magrupu yenu sijaona likiulizwa. Hawa marais, dini zao wamezifanyia nini?

Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kwenda misa, hakuna asiyejua. Serikali yake ndiyo iliyoleta Sheria ya Elimu ya 1969, na shule za misheni zikachukuliwa na serikali. Kanisa lake mwenyewe likapoteza shule. Alikuwa na sababu: enzi za mkoloni shule nyingi zilikuwa za wamisionari, na watoto wa Kiislamu walibaki nje, au waliingia kwa masharti ambayo wazazi wao hawakuyataka. Malalamiko ya Waislamu kuhusu elimu hayakubuniwa na mtu, na anayewacheka wanaoyasema hajui historia ya nchi hii. Lakini mwaka 1968 serikali hiyohiyo ilikuwa imeipiga marufuku jumuiya ya Waislamu ya Afrika Mashariki, EAMWS, na BAKWATA, baraza la Waislamu la nchi hii, ikazaliwa. Mpaka leo wapo wazee wa Kiislamu ambao kidonda hicho hakijapona.

Akaja Mwinyi, Mwislamu. Mwaka 1992, yeye akiwa Ikulu, ndipo Serikali ilipotia saini makubaliano na makanisa kuhusu huduma za afya na elimu, yale ambayo Waislamu wengi wameyalalamikia kwa miaka mingi kwamba yanapeleka fedha za umma upande mmoja. Rais alikuwa wao.

Akaja Mkapa, Mkatoliki. Februari 1998 polisi walipiga risasi Mwembechai, Dar es Salaam, Waislamu wakafa, na jina la mtaa ule likabaki kama jeraha. Rais huyohuyo, kabla hajaondoka, aliwapa Waislamu majengo ya kilichokuwa chuo cha TANESCO hapa Morogoro. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Waislamu, madarasa mnayokaa mlipewa na Mkatoliki. Nawaombea radhi wanaochukia kuambiwa hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Akaja Kikwete, Mwislamu. Ilani ya chama chake ya 2005 iliahidi kulitafutia ufumbuzi suala la Mahakama ya Kadhi Tanzania Bara. Miaka kumi ikapita. Anakabidhi Ikulu 2015, mahakama hiyo haijawekwa kisheria Bara.

Mtu asiyetujua akisoma hayo atasema Watanzania wamerogwa. Mimi naona jambo hili lina sababu ya kawaida kabisa. Rais wa dini yako anaogopa kuonekana anakupendelea, kwa hiyo anakukalia mbali. Wa dini nyingine anataka kukuonyesha kwamba hakuchukii, kwa hiyo anakusogelea na zawadi. Na wote wawili wana Kamati Kuu, wana Bunge, wana Hazina isiyo na fedha, wana wafadhili, wana uchaguzi mwingine unaokuja ambao bila kura za upande wa pili hawashindi. Mtu akishakaa kwenye kiti kile anavutwa na hayo kuliko anavyovutwa na anakosalia.

Kwa hiyo ukimpa kura kwa sababu ni wa dini yako, hupati ulichokitarajia. Hapo ungeweza kusema, sawa, nimekosa, si hasara kubwa. Hasara iko kwingine. Mtu uliyemchagua kwa kuwa ni wenu, siku akikosea utamwambiaje? Wenzako watakuuliza kwa nini unawapa maadui maneno. Utaanza kumtetea kwa jambo ambalo angelifanya wa dini nyingine ungeandamana. Nimewaona watu wazima, wasomi, wamefika hapo. Na viongozi wanalijua hilo kuliko sisi. Kiongozi aliyebanwa na maswali hana kimbilio zuri kuliko kusema anaonewa kwa sababu ya imani yake.

Mmeliona wenyewe juzi. Uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 karatasi ya kura ya urais haikuwa na chama kikuu cha upinzani. Vijana waliingia barabarani, watu wakauawa, intaneti ikakatwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje usiku. Hayo ni mambo mazito yenye maswali yake: nani aliwaengua wagombea, nani aliamuru risasi, tume ni huru kiasi gani, waliofiwa watajibiwa na nani. Intaneti iliporudi nikadhani hayo ndiyo nitakayoyasoma. Nikakuta watu wanabishana kama rais anashambuliwa kwa kuwa ni Mwislamu, na kama maaskofu wanasema kwa kuwa ni maaskofu. Mama aliyempoteza mtoto hana haja na mjadala huo. Kila dakika mnayoitumia humo, mwenye kupaswa kujibu anapumzika.

Kabla ya uchaguzi wa 2010 tuliwahi kupita karibu na shimo hilo. Wakatoliki walikuwa wametoa ilani yao ya uchaguzi, upande wa Waislamu ukajibu kwa mwongozo wao, na mmoja wa wagombea wakubwa, Dk. Slaa, aliwahi kuwa padri. Kila chama kikapewa dini kwa nguvu: CUF wakaitwa chama cha Waislamu, CHADEMA cha Wakristo. Mabango hayo yamewaumiza watu wengi wasio na hatia, na katika kampeni zile bei ya mbolea ilipotea kwenye mazungumzo ya wakulima wetu wa Mgeta.

Wapo wanaoniambia, "Bibi, tungekuwa wote dini moja tungepumzika." Nawapeleka Zanzibar. Kule karibu wote ni Waislamu, na kabla ya 2025 hakukuwa na mahali katika Muungano huu ambapo uchaguzi uliuma kama kule. Januari 2001 watu waliuawa kwenye maandamano, wengine wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Oktoba 2015 matokeo yalifutwa watu wakiwa wanayasubiri. Waliokuwa wakipigana walikuwa wakiswali safu moja, nyuma ya imamu mmoja. Kilichoipumzisha Zanzibar kwa kipindi kilikuwa maridhiano na kura ya maoni ya Julai 31, 2010, iliyokubali serikali ya umoja wa kitaifa, yaani watu kukaa mezani na kuandika nani anapata nini.

Hoja moja yenu ninaiheshimu. Kwamba mcha Mungu hataiba. Natamani iwe hivyo kila mara. Katika VICOBA yetu, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, pale Kihonda mweka hazina ni mama wa sala, hakosi ibada, na tunamwamini. Sanduku lina kufuli tatu hata hivyo, na funguo wanashika watu watatu wasiokaa nyumba moja. Hajawahi kutuambia tumemtukana. Sasa na mgombea muulizeni funguo ziko kwa nani. Tangu 1995 tuna Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma inayomtaka kiongozi atamke mali zake. Muulizeni kama yuko tayari kuzitamka mbele yenu pia. Akijibu kwa aya ya kitabu kitakatifu, rudieni swali.

Wala sisemi muiache imani yenu mlangoni mwa kituo cha kupigia kura. Imani yako ndiyo iliyokufundisha kuchukia dhuluma na kumhurumia yatima, nenda nayo, itumie kumpima mtu. Ninachokikataa ni kuipima imani yake badala ya kazi yake. Na kama una jambo la dini unalolitaka kwa Serikali, iwe Mahakama ya Kadhi, iwe yale makubaliano ya 1992, iwe nani achinje nyama ya kuuzwa buchani (mnakumbuka Buseresere, Geita, 2013, damu ilimwagika kwa hilo), lilete wazi kama hoja. Mwulize mgombea wa chama chochote msimamo wake, uandike jibu lake, umdai. Mkristo anaweza kuahidi jambo la Waislamu akalitimiza, na kinyume chake, kama nilivyowaonyesha hapo juu.

Sisi Waluguru ukoo tunaufuata kwa mama, na milima hii ya Uluguru misheni iliingia juu wakati Uislamu ulipanda kutoka bondeni. Kwa hiyo ndani ya ukoo mmoja una katekista na una mwalimu wa madrasa, na wote ni wajomba zako. Kwenye msiba wanagawana kazi bila kuitisha kikao. Nasikia vijana wanauita huo udhaifu wa imani. Waacheni waseme.

Hata nyuma kabisa tulikuwa na akili hii. Nyerere, mwalimu wa shule ya misheni ya Pugu, alipokuja Dar es Salaam na siasa zake, waliompokea na kumbeba walikuwa kwa sehemu kubwa Waislamu wa mjini: akina Abdulwahid Sykes, Dossa Aziz, Bibi Titi Mohamed. Hofu ilikuwepo, msidhani haikuwepo. Kikazuka chama cha AMNUT kikitaka uhuru ucheleweshwe mpaka Waislamu wapate elimu kwanza. Waislamu wa TANU ndio walioshika bango kukipinga, na uchaguzi wa 1960 TANU ikachukua viti 70 kati ya 71. Wazee wale walijua yule mwalimu anasali wapi. Walimuuliza uhuru lini.

Nyinyi mna maswali yenu. Boom, ile fedha yenu ya mkopo ya kujikimu, likichelewa, linachelewa kwa wa Jordan na wa Chuo Kikuu cha Waislamu pamoja. Ajira mkimaliza hamna. Nauli ya Msamvu kwenda Dar mnaijua nyinyi.

Ninawaomba jambo moja la kufanya. Wagombea wakianza kuja kwenye vyuo vyenu, watakuja kwa njia ya vikundi vya dini, maana ndiyo njia rahisi: watachangia kwaya, watafuturisha. Pokeeni futari, imbeni kwaya. Kisha viongozi wenu wa wanafunzi, wa vyuo vyote vinne, waandike maswali kumi, yaleyale, na kila mgombea wa ubunge na udiwani aulizwe hayohayo kumi mbele ya watu wa dini zote mkiwa ukumbi mmoja. Asiyekuja mtangazeni kwamba hakuja. Na kabla ya hapo kila mmoja ahakikishe jina lake liko kwenye daftari la wapiga kura la hapa anaposoma, kwa sababu wengi wenu mmejiandikisha vijijini kwenu, na siku ya kura mtakuwa hapa na mitihani.

Anayetaka kunibishia aje nyumbani jioni. Jumatano asije, ni siku ya VICOBA.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Kihonda, Morogoro