Watoto wa soko la Kenya, hapa Lubumbashi: siku ya posho (Jumamosi) tukutane

Jambo wamama na wababa. Juzi jioni pale sokoni nilikuta mtoto wa miaka kama tisa amelala juu ya mifuko mitupu ya makala (mkaa). Mdogo wake alipokufa, nyumbani walimwita mchawi, wakamfukuza. Sasa yuko kwa mama mmoja wetu; bukari (ugali) anakula, ila kuongea bado.

Sheria ya Kongo ya kulinda mtoto, ya tarehe 10 Januari 2009, kifungu cha 160, iko wazi: anayemsingizia mtoto uchawi anafungwa mwaka 1 hadi 3. Wazazi wengi hawaijui!

Siku ya posho saa tatu asubuhi tupite kwa wachungaji wa mitaa ya Kenya na Katuba, tuwaombe waisome kanisani siku ya yenga (Jumapili). Picha za watoto tusitume humu, tafadhali.