Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho: ugali wa wapagazi haukuiva

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Ni mimi tena, yule bibi aliyekukabidhi kopo la babu yake. Barua zangu tatu za bahasha hazikujibiwa, na mara mbili nimefunga safari kuja ofisini kwako nikaishia kwenye benchi la nje. Hii ya nne naiandika mbele za watu, na kilichonisukuma ni daftari la mjukuu wangu.

Wiki mbili zilizopita shule yao iliwaleta kwako. Jioni akakaa jikoni kwangu akanisomea alichonakili kwenye chumba cha Vita Kuu ya Kwanza: "Wapagazi walipewa ugali, maharage na nyama kila siku." Pembeni mwalimu ameshatia tiki nyekundu. Nilikuwa nachambua mlenda, nikauweka chini. Aliponiona nimenyamaza akaniuliza, "Bibi, si ndivyo babu yako alivyokula?"

Sivyo, Ndugu Mkurugenzi. Babu yangu mzaa baba alikuwa mmoja wao. Alikamatwa hapa Ugogo baada ya Waingereza kuingia Dodoma mwezi Julai 1916 wakiwafukuza Wajerumani, akapelekwa kusini, upande wa Rufiji, na mzigo wa ratili 50 kichwani, yaani kilo kama 23. Mara nyingi mzigo wenyewe ulikuwa unga.

Mimi nimesonga ugali wa shule za bweni kwa miaka 31, kwa hiyo niruhusu nikueleze jambo ninalolijua. Unga wa dona hautaki haraka. Maji yachemke kwelikweli, utangulize uji, uuache utokote mpaka harufu ya ubichi iishe, ndipo uongeze unga na kusonga, kisha upunguze moto na ufunike umalizikie kwa mvuke. Kuni zikiwa mbichi, ugali utasimama na kwa macho utadhani umeiva, lakini ukiumega katikati unakuta unga mkavu. Hilo lilinitokea masika moja kuni ziliponyeshewa. Usiku ule nusu ya bweni walikuwa foleni ya choo, na hao ni watoto walioshinda wamekaa darasani.

Sasa mchukue mtu aliyetembea na mzigo tangu alfajiri. Babu alisimulia kwamba walifika kambini giza limeshaingia na mvua inanyesha, kila kundi linapimiwa unga mbichi kwenye pindo la nguo, kuni watafute wenyewe. Unga ulikuwa wa kuparaza, chenga na makapi. Waliochoka sana waliukoroga kwa maji baridi wakanywa, wakalala. Tena Mgogo wa siku zile mahindi hakuyazoea. Tumbo lake lilijua uwele, mtama na mlenda. Madaktari wa jeshi wenyewe waliandika wakati uleule kwamba unga wa mahindi usioiva ulikuwa unawaharibu wapagazi matumbo. Maradhi, na kuhara damu mbele ya yote, yaliwaua wengi kuliko risasi.

Mpaka uzeeni, babu hakula ugali kabla ya kuuchoma kidole katikati. Akikuta ubichi anarudisha sahani bila kusema neno, na nyanya anarudisha sufuria jikoni. Sisi watoto tulidhani ni maringo ya wazee.

Kwa nini chakula kilikuwa hivyo? Nimelipigia hesabu kwa akili ya jikoni, wenye elimu mnisahihishe. Mbung'o waliua farasi, nyumbu wa mizigo na maksai, ikabaki shingo ya mtu. Mtu wa kazi nzito anataka walau kilo moja ya unga kwa siku. Akienda siku kumi na kurudi siku kumi, kilo 20 amezila njiani, anachofikisha ni kilo tatu. Njia ikirefuka kidogo tu, hafikishi kitu. Nahisi ndipo mkono wa mgawaji ulipomkatia mpagazi, maana askari lazima ale apigane, na ofisa lazima ale. Mapema 1917 mvua zilifurika bonde la Rufiji, na hata wapiganaji wakashushwa hadi nusu posho. Kama mwenye bunduki alipewa nusu, aliyembebea alipewa nini?

Na nafaka ile ilitoka wapi? Majeshi yote mawili, la Wajerumani likirudi nyuma na la Waingereza likifuata, yalizoa nafaka na ng'ombe wa Ugogo. Mvua nazo ziliposhindwa ikaja njaa ambayo wazee wetu waliiita Mtunya. Babu aliporudi hakumkuta mama yake, wala wadogo zake wawili. Alikuwa amebeba unga mwaka mzima.

Nimekitembelea chumba chako. Ukuta mzima ni wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Wajerumani: namna jeshi lake lilivyopata dawa ya malaria kwa magome ya mkwinini kutoka Amani kule Usambara, namna walivyoyeyusha mafuta ya kiboko. Ni kweli, na watoto wayajue. Ipo pia meza ya ofisa imetandikwa, sahani, kisu, kopo la chai. Ila sijaona neno kuhusu nani aliibeba meza ile. Wapagazi wa pande zote mbili wana bango moja la mistari minne mlangoni pa kutokea, na mstari wa pili ndio huo wa nyama.

Nahisi aliyeuandika alikuta orodha ya posho kwenye makaratasi ya wakoloni akaiamini. Karatasini nyama huenda ilikuwepo. Hata shuleni kwetu ratiba iliyobandikwa ukutani ilikuwa na nyama Jumatano na Jumapili, na iko mihula ambayo watoto hawakuionja. Mpishi anajua tofauti ya ratiba na sufuria. Angeniuliza.

Na kopo je? Mwaka 2019 nilikukabidhi mkononi kopo la babu, la biskuti za maofisa, lililotobolewa masikio mawili na kutiwa waya. Humo walipikia watu watano kwa zamu. Chini kuna weusi ambao nyanya alikatazwa kuusugua. Uliligeuza ukasema, "Bibi, hii ni hazina, kabla ya mwaka kwisha utaikuta ndani ya kioo na jina la babu chini yake." Nikapewa karatasi ya mapokezi yenye muhuri. Ninayo. Mwezi uliopita kijana wa mapokezi akaniambia kopo liko stoo, na stoo ilivuja masika.

Pale Dar es Salaam, kwenye Sanamu ya Askari ya mwaka 1927, imeandikwa kwamba wachukuzi walikuwa miguu na mikono ya jeshi, na kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Kariakoo yenyewe jina lake limetokana na kikosi hicho cha wachukuzi, kwa Kiingereza Carrier Corps. Lakini majina ya watu yako wapi? Mwezi Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni. Waliowachukua wamekiri. Sisi wajukuu wao ndio tunawaandikia watoto kwamba walikula nyama kila siku? Mwanangu, hilo linaniuma kuliko njaa yenyewe.

Siombi sanamu, wala siombi fidia. Naomba mstari mmoja ubadilishwe kabla shule nyingine haijaletwa. Andika walipewa unga mbichi. Andika hapakuwa na kuni kavu wala muda wa kupika. Ukiona ni mengi, andika tu kwamba ugali haukuiva, mjukuu wangu atajifunzia hapo.

Na kopo litoke stoo. Kama halina nafasi kwako, nirudishiwe, nitalitundika jikoni kwangu. Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa kwenye lile benchi la nje na karatasi yangu ya muhuri, na safari hii nimebeba chakula cha kutwa.

Wako,
Mpishi mstaafu, mjukuu wa mpagazi
Dodoma