Wifi wa Abilene, ile fomu haijanitoka moyoni

Wifi,

Kwenye matanga ya Mama nilinyamaza kwa heshima ya waliokuwepo. Ulitoa simu ukatuonyesha ile fomu, kiapo chenye muhuri wa notari (afisa anayethibitisha saini), kwamba mtoto wa kaka yangu amesamehewa chanjo za shule, surua ikiwemo, huku unatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililonishinda. Mengine tutayamaliza jikoni, kama kawaida yetu.

Unasema hiyo ndiyo Texas, sisi wa California tumezoea kuamrishwa. Ni kweli, huku tangu 2016 hiari ya mzazi haitoshi kumsamehe mtoto chanjo za shule, lazima daktari aandike. Lakini usiniambie ni mambo ya vyama vya siasa tu. Jimbo la Mississippi ni wahafidhina wa kweli, na walikataa kusamehe chanjo kwa sababu ya dini hadi mahakama ilipowalazimisha 2023. Kwa miaka mingi walikuwa wakiongoza kwa kuchanja watoto. Tofauti iko kwenye sheria, mzazi anaponyokaje. Kwenu tangu Septemba 2025 fomu inapakuliwa mtandaoni!

Surua huzuilika watu kama 95 kati ya 100 wakiwa na kinga. Gaines County, mwendo wa saa tatu hivi kutoka kwako, watoto wa chekechea waliochanjwa surua walikuwa asilimia 82. Kwenye mlipuko wa 2025 wakaugua watu 762 Texas, watoto wawili wakafa.

Najua utasema naingilia. Mimi ni shangazi yake! Nani aseme, kaka anayekuachia kila kitu? Nawe ulibebwa mgongoni kwenda kliniki, ukachomwa ya surua una miezi tisa.

Basi, mpenzi, dozi ya kwanza ya surua ni miezi 12 hadi 15, ya pili miaka 4 hadi 6. Aliyechelewa apishanishe dozi hizo angalau siku 28. Fomu haikufungi, unaweza kumchanja hata kesho. Asiye na bima hupata chanjo bure kwa mpango wa serikali kabla ya kutimiza miaka 19. Kliniki ya mpango huo ikidai ada ya kuchoma na huna, hairuhusiwi kumnyima. Akikaa na mgonjwa wa surua, una saa 72 za kumchanja. Zikipita, kuna sindano ya kingamwili ndani ya siku sita. Asiyechanjwa aliyekaa na mgonjwa hubaki nyumbani siku 21, na kazini kwako sijui watakuelewa vipi. Akitoka vipele na homa, piga simu kwanza kabla ya kumpeleka, maana kirusi huweza kubaki hewani kwa muda wa saa mbili. Na hayo mafuta ya ini la samaki, acha. Vitamini A iliyomo haizuii surua, ikizidi huumiza ini.

Usinijibu kwenye kundi la ukoo, watu watasoma. Nipigie.